Injini ya mvuke ya lego isiyokwama rodi: mwongozo kamili kuanzia chesisi hadi boila

Video ninazotumiwa ni zile zile tu. Mtu wa Kisumu, wa Kakamega, ama wa hapa hapa Nakuru, ameunda gari la moshi la lego limependeza kabisa, boila nyeusi, kibanda cha dereva, taa mbele, alafu akiwasha mota magurudumu yanazunguka nusu raundi yanakwama, rodi (ile fimbo inaunganisha magurudumu) inapinda, pini inaruka kando. Wengine injini inaenda poa kwa reli nyoofu lakini ikifika kona inalala chini.

Karibu zote ziko na chanzo kimoja. Injini imejengwa kuanzia juu, mwili kwanza, rodi zikaja kubandikwa mwisho mahali palipobaki. Injini ya mvuke haikubali hivyo. Rodi na magurudumu ndio injini yenyewe, boila ni nguo. Kwa hivyo hapa tunaanza chini, na kuna sheria moja utaiona kila hatua: hauongezi kitu chochote kama chesisi haijateremka yenyewe kwa ubao.

## Vitu unahitaji

Soma hii orodha yote kabla ununue kitu, kwa sababu vipimo vya baadaye vinategemea hivi vitu.

- Magurudumu makubwa ya treni, 6. Manne yawe na ukingo (ile flanji inashika reli ndani) na mawili yasiwe nayo. Ya lego yana kipenyo cha karibu milimita 30 pale yanapokanyaga reli. Lazima yawe na tundu la pini kando ya katikati, bila hilo tundu hakuna mahali pa kufunga rodi.
- Magurudumu madogo ya treni kwa bogi za mbele na nyuma (vile vigari vidogo vinavyoyumba chini ya injini).
- Tofali mbili za Technic (lego ya matundu na ekseli) za nundu 16 (nundu ni vile vidude vinatokeza juu ya tofali) zenye matundu kwa ubavu.
- Bimu (vijiti vya matundu) mbili nene za matundu 11. Hizi ndio rodi za pembeni.
- Bimu nyembamba (zile za nusu unene): mbili za matundu 7, mbili za matundu 5, mbili za matundu 4, mbili za matundu 3, na nne za matundu 2 zenye matundu ya msalaba.
- Ekseli za nundu 6, tatu. Ekseli za nundu 5, mbili.
- Pini za kijivu za kawaida zisizokaza, kama 10. Pini nyeusi mbili zenye mguu mrefu wa ekseli wa nundu 2. Pini za rangi ya krimu zenye mguu wa ekseli, kama 10. Pini za nusu, chache.
- Bushi nzima na bushi nusu (vile vipete vinazuia ekseli isitembee).
- Gia mbili za bevo, moja meno 12, ingine meno 20.
- Mota na boksi la betri. Mota L ya lego ni sawa kabisa.
- Reli: nyoofu 8, ambazo zikiungwa zinafika kama mita 1, na za kona 16, ambazo ni duara kamili.
- Ubao ulionyooka wa mita 1 na kidogo.
- Rula yenye milimita. Ukiwa na vania ya fundi ni bora zaidi.

Kipimo cha kukumbuka ni kimoja: nundu moja ni milimita 8. Nikisema "nundu 5" namaanisha milimita 40 kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu.

Kuhusu pini nyeusi na za kijivu, hapa ndio watu wanaangukia bila kujua. Pini fupi nyeusi ya kawaida imetengenezwa ikaze, iko na vimistari vya kushika. Ukiiweka kwa kitu kinachozunguka umeweka breki. Ya kijivu ni laini, inazunguka. Zile zenye mguu wa ekseli upande mmoja, ya bluu inakaza na ya krimu haikazi. Kama injini yako imekwama saa hii na unasoma hii ukiwa umeishika mkononi, angalia rangi ya pini kwanza.

### Kuzipata

Wengi wetu tunachagua kwa marundo ya mitumba. Jumapili pale soko la Kibuye, Kisumu, utapata magunia ya toi zimechanganyika, na Nakuru pia ukizunguka wauzaji wa toi za mtumba haukosi. Ongea vizuri, "Mama, naeza chagua?" na mara nyingi utaambiwa "Chagua tu mwanangu, lakini usinimwagie." Enda na tofali moja orijino mfukoni. Ile unaokota ijaribu hapo hapo: ikaze bila nguvu, na ekseli ipite kwa tundu la duara bila kusukumwa. Tofali za kampuni zingine zinaweza kuwa sawa kwa mwili, lakini kwa ekseli, pini na bimu za rodi usichanganye kampuni mbili kwa injini moja, tofauti ndogo sana ya milimita inajikusanya mpaka rodi zikwame.

Magurudumu makubwa ya treni ni nadra kwa mitumba. Hayo agiza onlaini mapema alafu ukiyangoja endelea kukusanya vingine.

Osha kila kitu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, yasizidi digrii 40. Vumbi la Nakuru ni laini na likiingia kwa tundu la ekseli linakwaruza kama msasa. Kausha kivulini. Usianike kwa mabati, plastiki inapinda na bimu iliyopinda hauwezi kuiona kwa macho lakini magurudumu yataijua.

## Hatua ya 1: Chagua injini na kipimo

Kama unataka kitu cha kwetu, pale Makumbusho ya Reli Nairobi ziko injini unaweza kusimama kando yake ukapiga picha kila rodi. Kuna 2921 Masai of Kenya, na yale majitu ya Garratt (injini ndefu zenye seti mbili za magurudumu ya kusukuma) ya klasi 59, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Piga picha ukiwa umesimama sawa na ubavu, si kwa pembe, na upige karibu pale kwa silinda na gurudumu lililoshikwa na rodi kubwa. Hizo picha zitakusaidia kuliko mchoro wowote.

Sasa hesabu. Gurudumu la klasi 59 lilikuwa na kipenyo cha milimita 1372. Gawanya kwa 30 ya gurudumu letu, unapata 45.7, tuchukue 45 ndio hesabu iwe rahisi. Kwa hivyo kipimo chako ni 1 kwa 45, na kila kitu kingine kwa injini unagawanya kwa 45. Mwili wa upana wa nundu 8 unakuwa ni kama mita 2.88 za ukweli, inakaa sawa machoni.

Reli zetu za zamani ni za mita 1, na kwa 1 kwa 45 hiyo ingekuwa milimita 22 tu, lakini reli ya lego iko karibu 38. Injini itaonekana imepanua miguu kidogo. Hakuna dawa ya hiyo bila kuunda reli zako mwenyewe, mwili wa nundu 8 unaificha vya kutosha.

Injini ya kwanza usiende kwa Garratt, na usiende hata kwa klasi 29 yenye ekseli nne za kusukuma. Anza na ekseli tatu. Sababu ni kona: reli ya kona ya lego iko na nusu kipenyo cha nundu 40, yaani milimita 320. Ukiweka ekseli tatu kwa nafasi ya nundu 5 kila moja, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni milimita 80, na gurudumu la katikati litatoka nje ya mstari wa reli kwa milimita 2.5. Hiyo inavumilika kama la katikati halina ukingo. Ekseli nne kwa nafasi hiyo hiyo ni milimita 120, na kwa zile ekseli mbili za katikati reli inakimbia milimita 5. Hapo gurudumu linaanguka kabisa. Inawezekana kuimaliza, nitasema mwisho, lakini si injini ya kujifunzia.

## Hatua ya 2: Chesisi tupu

Chukua zile tofali mbili za nundu 16, zisimamishe sambamba zikiachana nundu 2 katikati. Upana wote kutoka nje hadi nje ni nundu 4. Usizidishe, nafasi kati ya migongo ya magurudumu ni finyu na fremu pana itayasugua.

Zifunge kwa juu na sahani (zile tofali nyembamba), mbele, nyuma na katikati. Usifunge moja tu. Fremu ikicheza, ekseli hazibaki sambamba.

Chagua matundu ya ekseli: la kwanza, alafu hesabu 5 mbele, alafu 5 tena. Pitisha ekseli zote tatu bila magurudumu, inua chesisi uiinamishe kando. Ekseli zitoke zenyewe zianguke. Kama moja inabaki imeshikilia, fremu imejipinda, fungua sahani za juu ufunge upya kabla ya kuendelea.

Umefaulu kama: ekseli zote zinaanguka zenyewe.

## Hatua ya 3: Magurudumu

Ekseli ya kwanza na ya tatu, magurudumu yenye ukingo. Ya katikati, yasiyo na ukingo. Ndani ya ile nafasi ya nundu 2 weka bushi ili ekseli isitembee kushoto kulia sana, lakini acha ichezecheze kidogo, kama unene wa kadi ya simu. Ekseli ya tatu usijaze bushi bado, hapo ndio gia ya meno 20 itakaa.

Weka reli zako 8 kwa ubao, inua upande mmoja sentimita 3, achilia chesisi.

Umefaulu kama: inateremka mpaka mwisho bila kusukumwa, na ukiigeuza mbele nyuma inateremka pia. Ikisimama njiani, zungusha kila ekseli kwa kidole utapata iliyokaza. Mara nyingi ni gurudumu limesukumwa ndani sana linagusa fremu.

## Hatua ya 4: Robo mzunguko na rodi za pembeni

Hii ndio hatua inaua injini nyingi, isome pole pole.

Upande wa kushoto, geuza magurudumu yote matatu matundu ya pini yatazame juu kabisa. Upande wa kulia, yote matatu yatazame mbele. Yaani kulia na kushoto zinapishana robo mzunguko, digrii 90. Kwa lego hii ni rahisi kuliko kwa chuma kwa sababu ekseli ni msalaba, iko na pozi nne tu, hauwezi kukosea kwa digrii mbili tatu. Unachomoa gurudumu, unaligeuza pozi moja, unalirudisha.

Kwa nini robo? Fikiria rodi wakati pini zote ziko mbele kabisa, mstari mmoja na katikati za ekseli. Hapo rodi haina uwezo wa kuamua gurudumu liende juu ama chini. Gurudumu moja linaweza kwenda juu lingine chini, na saa hiyo hiyo rodi inakwama, ama inavunja kitu. Pande zote mbili zikiwa pamoja, ama zikipishana nusu mzunguko, pande zote zinafika hapo kwa wakati mmoja na hakuna wa kusaidia. Zikipishana robo, upande mmoja ukiwa hapo pabaya ule mwingine uko na nguvu kamili na unaamua mwelekeo. Injini za kweli zenye silinda mbili zinafanywa hivyo hivyo, na huko inasaidia pia injini isishindwe kuondoka stesheni.

Sasa funga rodi. Bimu nene ya matundu 11, tundu la 1, la 6 na la 11, zinalingana sawa na nafasi zetu za nundu 5. Gurudumu la kwanza na la tatu tumia pini ya kijivu, nusu ndani ya gurudumu nusu ndani ya bimu, isitokeze nje hata kidogo, kwa sababu kroshedi (tutaiona hatua ya 5) itapita hapo baadaye. Gurudumu la katikati tumia ile pini nyeusi yenye mguu mrefu wa ekseli. Upande wa pini unakaza ndani ya gurudumu, na huko ndio tunataka ikaze, alafu mguu wa ekseli unatoka nje nundu 2. Bimu inazunguka juu ya huo mguu bila shida kwa sababu ekseli kwa tundu la duara inateleza.

Funga upande mmoja kwanza, jaribu. Alafu mwingine, jaribu tena. Ukifunga zote mbili mara moja ikakwama hautajua ni ya wapi.

Inua ubao sasa sentimita 5.

Umefaulu kama: inateremka, na ukiitazama kwa ubavu rodi inabaki imelala sambamba na reli muda wote, inapanda na kushuka bila kuinama. Ukisikia "tk" moja kila mzunguko, kuna gurudumu moja limekosewa pozi, ama kuna pini nyeusi fupi umeisahau.

Onyo: usitie mafuta ya kupikia, wala Vaseline, wala spreyi ya kulegeza nati. Zingine zinashika vumbi zingine zinakula plastiki. Injini iliyopangwa vizuri haihitaji mafuta. Ikibidi kabisa, tone la mafuta ya silikoni.

## Hatua ya 5: Silinda, kroshedi na konrodi

Konrodi ndio ile rodi kubwa inayotoka kwa pistoni hadi gurudumu la katikati. Kroshedi ni kile kipande kinachoteleza mbele na nyuma, pistoni imeshikwa upande huu, konrodi upande ule.

Kwanza pima kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pini la gurudumu. Tuseme ni milimita 8. Safari ya pistoni ni mara mbili ya hiyo, milimita 16, yaani nundu 2. Ukipata namba tofauti, badilisha hesabu zifuatazo hivyo.

Konrodi tumia bimu nyembamba ya matundu 7, inaingia kwa mguu wa ekseli nje ya rodi ya pembeni. Urefu ni muhimu. Ya matundu 7 inainama digrii kama 10 kwa kilele. Ya matundu 5 inapita 14. Ya matundu 3 inafika 30, na hapo inasukuma kroshedi juu na chini badala ya mbele na nyuma, ndio unaona injini inaruka ruka. Ukikosa bimu ya 7, ngoja upate, usilazimishe fupi.

Silinda: weka tofali mbili za Technic za tundu moja, moja nyuma ya ingine, matundu yakitazama mbele. Ekseli ya nundu 5 ndio fimbo ya pistoni, inateleza ndani ya hayo matundu ya duara. Kwa nini 5: moja inashikwa na kroshedi, mbili ni safari, mbili zinabaki ndani ya silinda zisichomoke. Mbele ya silinda acha nafasi wazi ya nundu 2, la sivyo pistoni itagonga kifuniko.

Onyo: usitumie tofali la mviringo la 2 kwa 2 kama silinda ya kutelezea. Tundu lake ni la msalaba, linashika ekseli. Kwa urembo wa nje weka tu, lakini pistoni isipite ndani yake.

Kroshedi ni kile kiungo kidogo chenye tundu la msalaba upande mmoja na tundu la pini upande mwingine, yakiwa yamekatana. Ekseli ya pistoni inaingia kwa msalaba, pini ya nusu inashika konrodi kwa lile lingine. Hapa angalia kitu: matundu hayo mawili yameachana nundu 1, kwa hivyo kinachofaa kulingana na urefu wa katikati ya magurudumu ni pini ya konrodi. Silinda yenyewe inakaa nundu 1 juu zaidi. Watu wanalinganisha silinda na ekseli za magurudumu alafu konrodi inainama upande mmoja tu.

Alafu itazame kutoka juu. Konrodi na kroshedi ziwe mstari mmoja ulionyooka. Kama konrodi inapinda kwenda ndani ama nje, sogeza silinda ndani ama nje mpaka inyooke.

Kroshedi isipinduke kando, weka kigae laini nyuma yake kiteleze hapo.

Ubao sentimita 8 sasa.

Umefaulu kama: inateremka na pistoni zinapishana, moja ikiwa mwisho wa safari nyingine iko katikati. Zungusha pia kwa mkono pole pole sana raundi nzima ukisikiliza kwa vidole. Ugumu uwe sawa kote. Ukihisi pahali pamoja pamekaza, simamisha hapo hapo uangalie nini kinagusa nini.

## Hatua ya 6: Mtambo wa Walschaerts

Hizi ndio zile fimbo nyembamba nyingi zinazocheza juu ya silinda, na ndio zinafanya mtu asimame kutazama. Kwa injini ya kweli kazi yake ni kufungua na kufunga valvu ya mvuke kwa wakati, na kumwezesha dereva kurudi nyuma. Kwa ya lego kazi yake ni mwendo tu, lakini mwendo ukiwa si sahihi unaonekana.

Kranki ndogo. Bimu nyembamba ya matundu 2 ya msalaba, inaingia mwisho wa ule mguu wa ekseli, nje ya konrodi. Sasa bimu nene ya pembeni ni 1, konrodi nusu, hii nusu, jumla nundu 2, mguu umejaa. Kwa kuwa ni msalaba haizungukii, inageuka na gurudumu. Zungusha pini yote kwa mkono ndani ya gurudumu mpaka ncha ya hii kranki irudi karibu na katikati ya gurudumu, ibaki kama milimita 4 kutoka katikati. Ukichora mstari kutoka katikati hadi kwa pini kubwa, na mwingine hadi kwa hiyo ncha, ziachane karibu digrii 75. Ya ukweli ni kama 90, lakini kwa vipande hivi 75 ndio tunafika na macho hayatambui.

Fimbo ya nyuma. Bimu nyembamba ya matundu 5 kutoka ncha ya kranki kwenda mbele hadi chini ya kiungo cha kubembea.

Kiungo cha kubembea. Bimu nyembamba ya matundu 3, tundu la katikati linashikwa na fremu, chini inavutwa na fimbo ya nyuma, juu inasukuma fimbo ya valvu. Miisho iko na matundu ya msalaba, kwa hivyo tumia pini za krimu.

Wenzo wa mbele. Bimu nyembamba ya matundu 4 imening'inia mbele. Chini inashikwa na kroshedi kupitia kile kibimu cha matundu 2, juu inashika fimbo ya valvu. Huu ndio unachanganya mwendo wa pistoni na mwendo wa kranki.

Ukishindwa na wenzo wa mbele kwa mara ya kwanza, uache umefungwa palepale usitembee, uendelee. Kranki, fimbo ya nyuma na kiungo cha kubembea ndio jicho linafuata. Mimi ningependa uumalize baadaye, lakini injini inayotembea bila wenzo ni bora kuliko injini kamili iliyokwama kabatini.

Umefaulu kama: pistoni ikifika mwisho wa safari yake, fimbo ya valvu iko karibu katikati ya yake na inaenda mbio. Zikianza na kusimama pamoja, ncha ya kranki ndogo umeielekeza vibaya, izungushe tena.

## Hatua ya 7: Bogi na kona

Bogi ya mbele ifungwe kwa pini moja nyuma yake, iweze kuyumba. Isibebe uzito, ifuate tu. Jaribu kwa duara la reli 16 ukisukuma kwa mkono. Kitu kitagongana kitakuwa gurudumu la bogi na sehemu ya chini ya silinda, karibu kila mara. Nyanyua silinda kwa sahani moja ama songeza bogi mbele nundu 1, usikate kona ya silinda kabla ya kujaribu hivyo.

Umefaulu kama: inazunguka duara zima pande zote mbili, ukiisukuma kwa kidole kimoja kutoka nyuma.

## Hatua ya 8: Mota

Simamisha mota wima ndani ya kibanda cha dereva, shafti ikitazama chini. Gia ya meno 12 kwa shafti, ya meno 20 kwa ekseli ya tatu, zikutane kwa pembe mraba. Shafti ishikwe na tofali yenye tundu karibu kabisa na gia, ikiachwa inaning'inia gia zitaruka meno ukiweka mabehewa.

Endesha ekseli moja tu, mbili zingine zivutwe na rodi. Ukifunga gia kwa ekseli zote na rodi ziko, gia na rodi zinashindana.

Mota L bila mzigo inazunguka karibu raundi 390 kwa dakika, na gia hizi zinaishusha hadi kama 234. Ni mbio bado. Treni ya mizigo ikienda kilomita 40 kwa saa, kwa kipimo cha 1 kwa 45 ni sentimita 25 kwa sekunde, na duara lako la reli 16 liko na mzunguko wa kama mita 2. Kwa hivyo punguza spidi mpaka raundi moja ya hilo duara ichukue sekunde 8. Hapo ndio rodi zinaonekana. Ikienda mbio zinakuwa ukungu tu na kazi yote imepotea.

## Hatua ya 9: Uzito, alafu mwili

Sasa ndio boila. Kwa hii sehemu siongei mengi, kila mtu ana jicho lake. Pima tu kwamba mwili unatoka wote kwa mara moja, kama kifuniko, ndio ufikie rodi bila kubomoa.

Betri zikae juu ya magurudumu ya kusukuma, kama injini yako haina tenda (gari la makaa na maji) nyuma. Kama betri ziko kwa tenda, injini inabaki nyepesi na magurudumu yatateleza palepale. Jaza boila kwa nati za bolti zilizofungwa kwa tepu, katikati ya ekseli ya kwanza na ya tatu, zisicheze. Inua injini kwa vidole viwili pale ekseli ya katikati: ikilala sawa bila kuinamia mbele ama nyuma, uzito uko mahali pake.

## Ikikwama bado

Inakwama pahali pamoja kila mzunguko: toa konrodi mbili, jaribu. Ikipita, shida iko kwa silinda. Ikikwama bado, toa rodi ya pembeni moja. Unarudi hatua moja moja mpaka ipite.

Inaenda mbele vizuri, nyuma inakwama: mara nyingi ni gia ama mota haijashikwa, inasukumwa kando ikigeuza.

Inatembea dakika chache alafu inakaza: bushi zinajisogeza kwa ekseli taratibu. Acha ile nafasi ya kadi ya simu, alafu weka bushi nzima badala ya nusu.

Inaanguka kwa kona ya kulia tu: bogi imezuiwa upande mmoja, na mara nyingi ni waya wa mota.

Na kwa wale wanataka klasi 29 yenye ekseli nne: weka magurudumu madogo kidogo ndio nafasi iwe nundu 4, ukingo uwe kwa ekseli ya kwanza na ya tatu pekee, na ile ya nne iachwe bila ukingo ikitembea nje ya reli kwa kona. Rodi ya pembeni itahitaji matundu 13, la 1, la 5, la 9 na la 13. Anza tena na ekseli tupu zinazoanguka zenyewe.